Sura ya Tano: Haya ya Mtu na Macho ya Watu

Wazee wa Bunyala waliokulia katika zama za ukoloni, wale ambao wajukuu wao leo husoma katika skuli za Budalang'i na Port Victoria, waling'olewa meno ya mbele ya taya la chini wakingali vijana, na aliyekwepa siku hiyo aliishi na fedheha ambayo mali wala nguvu za mikono hazikuweza kuifuta. Kaumu hiyo hiyo, ambayo lugha yake ya Lunyala ni tawi la Kiluhya, haikuwa na jando, ilhali ndugu zao wa lugha, Wabukusu wa Bungoma, hadi leo huwatia wana wao jandoni kila mwaka unaogawika kwa mbili, ifikapo Agosti, na kwao mwanamume asiyepita penye kisu hahesabiwi mwanamume. Lau ingalikuwa ni damu au lugha impangiayo mtu mwenendo wake, Mnyala angalifuata kisu cha Mbukusu. Kumbe alifuata ada ya meno, iliyokuwa pia ada ya Wajaluo wa Yimbo na Usonga, watu ambao lugha yao haina udugu na yake hata kidogo, kwa kuwa ni hao aliokuwa akivua nao samaki, akiwaoa binti zao, na kulia nao matangani.

Nimeitanguliza habari hii ili ifahamike mapema ninachokusudia kukieleza: kwamba mwenendo wa mtu hufuata haya yake, na haya yake hufuata macho ya wale ambao hukumu yao anaijali. Mtu hujifunza utotoni, kabla hajaweza kujieleza, ni nani akimtazama huona aibu na ni nani akimtazama haoni kitu, na tangu hapo huyabeba macho hayo moyoni hata akiwa peke yake chumbani, hata akiwa safarini, hata baada ya wenye macho hayo kwisha kuzikwa. Tukisema kwamba mila imemlea fulani, maana yake ni hiyo. Na tukisema kwamba fulani ameizoea nchi ya ugenini, maana yake ni kuwa macho ya wenyeji wa huko nayo yamepata makao ndani ya nafsi yake, yakakaa pamoja na yale ya kwao, mara kwa suluhu na mara kwa ugomvi.

Macho yakibadilika, ada nayo hubadilika, tena kwa kasi inayowashangaza hata wenyewe. Ada ya meno ilififia pale vijana walipoanza kuijali zaidi hukumu ya wenzao wa skuli na kanisa kuliko ile ya rika la baba zao. Na tohara, iliyokataliwa kwa vizazi na vizazi katika ukanda huo wa ziwa, ilipata kibali kwa njia ambayo hakuna mzee aliyeibashiri: mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Kisumu, ulioonyesha kwamba tohara humpunguzia mwanamume kwa takriban nusu hatari ya kuambukizwa virusi vya UKIMWI, na mwaka uliofuata serikali ya Kenya ikaanza kuwatahiri watu bila malipo katika zahanati na mahema. Vijana wa jamii zisizotahiri waliitikia kwa maelfu. Hawakuimba nyimbo za jando, wala hawakupakwa tope la mtoni kama afanyiwavyo kijana wa Kibukusu. Walikwenda asubuhi, wakarudi adhuhuri, wakabaki walivyokuwa kwa kabila na kwa jina. Ada iliyokuwa alama ya watu wengine ilikubalika ilipokuwa jambo la afya, kwa sababu hapo haikumdai mtu awasaliti wazee wake.

Kaskazini ya Bunyala, ndani ya kaunti hiyo hiyo ya Busia, pande za Amagoro na Malaba, wanaishi Wateso, ambao asili yao ni pande za Karamoja, na ambao walikuwa wafugaji kwanza, wakashika jembe na kilimo cha wimbi kadiri walivyosogea kusini na kukutana na wakulima. Mwanaanthropolojia wa Kimarekani, Ivan Karp, aliyeishi nao na kuwatungia kitabu kilichotoka mwaka 1978, aliandika baadaye makala nzima juu ya unywaji wao wa pombe, na wasomaji wengine huenda wakadhani kwamba alikuwa akipoteza wasaa wake. Mimi naona alipata mlango wenyewe. Chungu cha ajono huwekwa katikati, unga wa wimbi uliochachushwa ukamiminiwa maji moto, na waliohudhuria huketi kukizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu unaofika chunguni kutoka pale alipo. Mpita njia ataona watu wanakunywa tu. Mwenyeji, kabla hajaketi, huwa ameshasoma mambo mengi: nani amekaa karibu na nani, nani amehama upande mmoja kwa kuwa mkwewe yumo, nani ameazimwa mrija na nani hakuazimwa, na kama yupo aliyeushika kwa mkono wa kushoto, jambo ambalo mtu mwenye adabu zake hathubutu kulifanya. Katika mduara huo mdogo mtoto wa Kiteso hupata masomo ya murua yasiyoandikwa kokote, na Mluhya aliyeoa au aliyehamia huko hupata darasa lake la kwanza la ugeni, kwani hakuna atakayemwambia amekosea. Ataona tu kwamba mazungumzo yamepoa.

Katikati ya watu hawa waliochanganyika hivyo ukapitishwa mpaka. Tarehe 1 Aprili 1902 serikali ya Uingereza iliihamisha iliyokuwa Jimbo la Mashariki la Uganda ikaitia katika Himaya ya Afrika Mashariki, na amri ya mwaka 1926 ikauthibitisha mstari wenyewe, kwingine ukifuata mkondo wa mto Sio, kwingine wa mto Malaba, bila ya kumwuliza Msamia wala Mteso yuko upande gani wa maji. Atakaye kupima nguvu ya mstari huo juu ya mwenendo wa mtu na aitazame nyumba ya Kanoni Jeremiah Awori, kasisi wa Kianglikana wa Kisamia: mwanawe mmoja, Moody Awori, alikuwa Makamu wa Rais wa Kenya tangu mwaka 2003 hadi 2008, na mwanawe mwingine, Aggrey Awori, aligombea urais wa Uganda mwaka 2001, kisha akawa waziri huko. Baba mmoja, kabila moja, na kila mmoja akawa raia kamili wa dola yake, akiwania heshima yake mbele ya umma wake. Watu wa mjini wakiistaajabia habari hiyo, watu wa mpakani huiona ya kawaida kabisa.

Hata hivyo mstari huo, ambao haukuweza kuwatenganisha ndugu, umeweza kwa muda wa karne moja kuzaa tofauti ndogondogo za adabu, na ni hizo ndogo ndizo zinazomtaabisha mgeni. Kutoka Busia ya Kenya hadi Busia ya Uganda ni mwendo mfupi sana, na tangu kituo cha pamoja cha forodha na uhamiaji kilipozinduliwa rasmi mwaka 2018 hata foleni zimepungua. Boda boda, ambazo asili yake ni mpaka huu huu, humvusha mtu kabla hajamaliza kuhesabu chenji yake. Kijana aliyelelewa Nairobi huvuka, akafika kwa mama mwenye meza ya ndizi na matoke, akasema kwa sauti ya mtu mwenye haraka, "Mama, hii mkungu ni pesa ngapi?" Mama anamtazama kwa upole, kisha anasema, "Osiibye otya, ssebo?" Kijana hudhani hakusikiwa, akalirudia swali lake kwa sauti kubwa zaidi, na mama akanyamaza, akajishughulisha na majani yake ya migomba. Hapo msukuma mkokoteni aliyesimama kando, ambaye pengine ni Mnyala aliyevuka maelfu ya mara, humwambia taratibu, "Msalimie kwanza, kaka. Mwite nnyabo, umwulize siku imekwendaje, bei utapewa." Naye akisalimu, bei huja, tena hushuka.

Kijana yule si mkosa adabu. Alikolelewa, mtu anayemchelewesha mwuzaji kwa salamu ndefu humpotezea wateja, na ile haraka yake ndiyo heshima yenyewe ya kwao. Upande wa pili, mtu asiyetoa salamu amemfanya mwenziwe kuwa sawa na meza. Kila mmoja anatii macho yaliyomlea, na kila mmoja anamhukumu mwenziwe kwa sheria ambayo mwenziwe hakupata kuisikia. Fauka ya hayo, Kiswahili chenyewe, ambacho kwa Mkenya ni lugha ya kuwapatanisha makabila, kwa Waganda wengi wa makamo kilikuwa lugha iliyotoka kinywani mwa askari katika miaka ya utawala wa Idi Amin, ambaye mwaka 1973 alikitangaza kuwa lugha ya taifa. Na mtu aliyelisikia neno la Kiswahili kwa mara ya kwanza penye kizuizi cha barabarani, bunduki ikiwa imemwelekea, halisikii sawa na mtu aliyelisikia kwa mwalimu wake. Baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha mwezi Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifunzwe mashuleni, na mimi nililifurahia jambo hilo kwa dhati. Lakini sauti ya anayekisema, na upole wake, ndivyo vitakavyoamua kama masikio yale yatatulia.

Wataalamu wa ng'ambo wameyaandika mengi juu ya taabu hii ya mgeni, na aliyeipa umaarufu kuliko wote, Kalervo Oberg, mzaliwa wa Kanada wa wazazi wa Kifini, hakuwa mtu wa mbali na kwetu, kwa maana katika miaka ya 1930 alifanya utafiti Ankole, magharibi ya Uganda, na sura yake juu ya ufalme wa huko imo katika kitabu mashuhuri cha mwaka 1940 kuhusu tawala za Kiafrika. Katika makala iliyochapishwa mwaka 1960 alieleza kwamba mgeni aghalabu huanza kwa kuvutiwa na kila kitu, kisha akaingia katika dhiki, akichukizwa na chakula na maji na watumishi, kisha akaanza kupata nafuu, na hatimaye akaridhia. Chanzo cha dhiki hiyo, alisema, ni kupotewa na zile ishara ndogo za kila siku ambazo kwazo mtu hujua lini ampe mwenzake mkono, lini akubali mwaliko, lini maneno ya mtu ni ya kweli na lini ni ya adabu tu. Aliyenifuata hadi penye chungu cha ajono na penye meza ya matoke hatahitaji kushawishiwa kwamba Oberg alisema kweli.

Illa Oberg aliwaandikia mabalozi, wamisionari na wataalamu wa misaada, watu wenye tikiti ya kurudi na wenye wenzao wa kuwalalamikia jioni. Dhiki ya mtu ambaye akichoka atarudi kwao ina kikomo chake. Katika nchi ninayoieleza yupo mgeni wa namna nyingine, ambaye nadharia za vyuo vikuu hazikumtilia maanani ipasavyo, naye ni mwali aliyeolewa.

Fikiri habari ya binti wa Kinyala anayeolewa katika mji wa Mjaluo wa Usonga, au wa Mteso wa Amagoro. Kwa kuwa mila za pande zote zinamkataza kuolewa ndani ya ukoo wake, na zote zinamtaka ahamie kwa mume, basi kila mke katika nchi hizo ni mhamiaji, hata yule aliyeolewa kijiji cha pili. Anaingia katika nyumba ambayo kila mtu anayajua mambo asiyoyajua yeye. Hupikia jikoni kwa mama mkwe kabla hajapewa mafiga yake mwenyewe, na katika miezi hiyo anajifunza mengi kwa kukemewa na mengi zaidi kwa kuangalia: samaki gani hutengewa baba mkwe na kwa sehemu gani, shemeji yupi wa kutaniwa na yupi wa kuepukwa, kiti kipi hakikaliwi, jina gani halitamkwi. Lugha ya mumewe huijua mapema kuliko mumewe atakavyoijua lugha yake milele. Akifiwa na babake, huenda kwao akalia kwa Lunyala kwa ada za kwao, akirudi akavaa tena adabu za alikoolewa, na watoto wake hukua wakiwasalimu nyanya wawili kwa namna mbili bila ya kuchanganya. Mtu huyu, ambaye pengine hakusoma hata darasa la saba, ana ilimu ya kuishi katika mila mbili ambayo mashirika makubwa hulipa fedha nyingi kuwafunza wakurugenzi wao. Na lau ningalikuwa na amri ya kuwachagua walimu wa somo hili, ningaliwaita wanawake hawa kabla ya kuyafungua majarida.

Kitu kikubwa wanachokijua ni hiki: kwamba ugeni haumalizwi na mgeni peke yake. Ukenda kwa wenye chongo, fumba lako jicho, wasema wahenga, na shauri hilo ni jema kwa mpita njia. Lakini mwali hakuja kupita, na siku mama mkwe anapomwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, au anapomtuma yeye, badala ya binti wa kumzaa, kwenda kuiwakilisha nyumba matangani, siku hiyo wenyeji nao wamefanya kazi yao. Pasipo hilo, atafumba jicho miaka thelathini na bado ataitwa mtu wa kuja.

Yupo, tena, mgeni ambaye hata hakuondoka kwao. Kwao ndiko kulikomwondoka. Mto Nzoia, uchotao maji yake Cherang'ani na mlima Elgon, huingia ziwani hapo Bunyala katika tambarare iliyo chini kiasi kwamba maji yakijaa juu huko Trans Nzoia siku ya leo, Budalang'i hungoja kwa hofu siku zifuatazo. Yapo matuta ya kuuzuia mto, na matuta hubomoka. Katika mafuriko ya miaka ya mwanzo ya 1960 ziwa lenyewe lilipanda kwa zaidi ya mita mbili, na mwezi Mei 2020 likafikia kiwango kilichoipita rekodi ya mwaka 1964, likavifunika viwanja vya miji, mashamba na makaburi, na watu wakahamia katika skuli, makanisani na katika mahema juu ya matuta.

Na sasa ufikiri taratibu juu ya hema moja. Mji wa Kinyala una mpango wake: nyumba ya mama mahali pake, vibanda vya vijana wasiooa upande wa lango, nyumba za wana waliooa kwa kufuatana kwa umri. Mwana aliyebaleghe halali chini ya paa la babake, ndiyo sababu hujengewa esimba. Mkwe na baba mkwe hawapeani mkono, wala hawaingiliani vyumbani; mama mkwe hathubutu kulala nyumbani kwa mume wa bintiye. Mpango huo wote, uliojengwa kwa udongo na miti ili haya ya kila mmoja ipate ukuta wake, huchukuliwa na maji kwa usiku mmoja, na asubuhi familia hupewa turubai moja: babu, mwana, mke wa mwana, binti aliyevunja ungo, wajukuu, wote ndani. Mtoa misaada, ambaye amefanya kazi njema na ya haraka, hustaajabu jioni akimkuta mzee ameketi nje katika mvua, amejifunika gunia, ilhali nafasi ya kumtosha imo ndani. Humwona mkaidi, au mshirikina. Ukweli ni kwamba mzee yule amepoteza mbuzi wake, mtama wake na mlango wake, na haya ndiyo mali pekee iliyobaki mkononi mwake; akiingia katika hema alimolala mkaza mwanawe atakuwa ameitoa hata hiyo. Wala mkaza mwana aliye ndani hapati usingizi, kwa kuwa anajua ni kwa ajili yake mzee ananyeshewa.

Nimewasikia watu waungwana wakisema kwamba wakati wa msiba mila huwekwa kando. Mimi nasadiki kinyume chake: wakati wa msiba mtu huzikumbatia mila zake kwa nguvu zaidi, kwa kuwa amenyang'anywa vyote vilivyokuwa vikimwonyesha kwamba yeye ni nani. Anaweza kuzoea unga wa msaada asioupenda, na foleni, na kuitwa kwa namba. Watu wa Bunyala wameyazoea hayo mafuriko baada ya mafuriko. Asichoweza kukizoea kwa juma moja ni kutazamwa na mkwewe akivua shati. Hata hivyo watu hawa huwa hawakai wakingoja. Huzigawa jamaa upya wenyewe, wanaume wazima wa hema tano wakalala hema moja na wanawake na watoto wakaachiwa nyingine. Hukata matete wakasimamisha kiambaza ndani ya turubai. Huwakodishia vijana chumba kwa mtu wa mlimani aliye na nafasi, au wakaombewa kwa ahali walioolewa nje ya bonde. Ni werevu ule ule wa mwali: ada inabaki, umbo lake linabadilika, na haya ya kila mtu inapata ukuta hata kama ukuta wenyewe ni mkeka.

Serikali ya kaunti, Msalaba Mwekundu na makanisa, ambayo kwa miaka mingi yamekuwa yakiwahi Bunyala kwa mashua na mablanketi, yangeweza kuwapunguzia watu hawa nusu ya udhia huo kwa gharama ndogo mno. Hesabu ya mahema ifanywe kwa nyumba, isifanywe kwa vichwa, na jamaa yenye mwana aliyeoa ihesabiwe kuwa nyumba mbili. Upande mmoja wa kambi utengewe vijana wa kiume, mbali na wazazi wao kidogo, kama ilivyo mjini kwao. Vyoo na mabafu ya wanaume visielekeane na vya wanawake. Na kwa kuwa mpango wa mji wa Mnyala si mpango wa mji wa Mjaluo anayekaa naye kambi moja, waitwe wazee na kina mama wa pande zote mbili, waonyeshwe kiwanja, wapewe kijiti cha kuchorea chini, nao wataupanga mji huo kwa asubuhi moja, kabla hema la kwanza halijasimikwa.